Kibanda Chetu cha Bladensburg

Lami ya moto ina harufu yake, na kuna watu wanaipenda, mie siwaelewi. Juzi walikuwa wakiziba mashimo kwenye njia ya kwetu hapa Beltsville, nami nimesimama jikoni nakata vitunguu, upepo ukaiingiza ile harufu dirishani. Nikaweka kisu chini. Mume wangu akaniuliza kama ni vitunguu vinavyoniliza. Nikamwambia ndiyo, ni vitunguu, maana mtu ukimwambia barabara inakuliza atakupeleka kwa daktari. Nyinyi sina haja ya kuwaficha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami nina miaka tisa. Tulikuwa tukikaa Bladensburg, si mbali na mto, kwenye nyumba ndogo ya matofali mekundu yenye kibaraza mbele na kiuga nyuma. Nyumba yetu wenyewe, si ya kupanga. Wazanzibari wote tuliokuwa tukijuana nao siku hizo walikuwa kwenye fleti, Hyattsville na kwengineko, na wakija kwetu walikuwa wakivua viatu mlangoni huku wakiangalia kuta kwa jicho la kutamani. Baba yangu, Seif, alikuwa akipakia mizigo kwenye ghala. Mama alikuwa akifua mashuka ya hospitali, akirudi mikono imechubuka, inanuka dawa. Walijinyima miaka sita mpaka wakaipata nyumba ile. Nakumbuka kula maharage mpaka nikawa naota maharage.

Nyumba za huku nyingi zina chumba chini ya ardhi. Chetu tulikikuta kama pango: saruji tupu, unyevu, na tangi la maji ya moto linalokoroma pembeni. Baba alikishughulikia kwa mikono yake misimu miwili ya baridi, akitoka kazini hata chai hamalizi, anashuka. Alizipiga kuta mbao, akaweka vigae sakafuni, akajenga choo na bafu, akafungua mlango wa kutokea uani. Alipomaliza akamwambia Mama, "Haya, ukumbi wako huo." Na kweli ukawa ukumbi wa wanawake. Walikuwa wakiingilia mlango wa nyuma, wakitundika mabuibui yao, na hapo ndipo kulipokuwa na kucheka, kaseti za taarabu, kahawa na halua, maulidi, hena. Mwanamme haingii. Hata Baba aliyejenga alikuwa akibisha hodi kwanza, na mara nyingi akiambiwa arudi juu.

Jirani yetu alikuwa Bi Loretta, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyesoma Kiswahili darasa la jioni kwa mapenzi yake tu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kila asubuhi alikuwa akimwita Baba juu ya ua, "Ndugu Seif! Habari za mapambano?" Baba akijibu, "Njema, dada yangu," kisha akiingia ndani anamuuliza Mama, mapambano gani tena haya. Zaidi ya salamu na methali tano sita Bi Loretta hakuwa akienda mbali, lakini alikuwa mtu wa haki, na mie nikimpenda.

Basi msimu wa majani kudondoka walikuja watu na vyombo vya kupimia, wakapigilia vigingi vyenye utepe mwekundu. Kimoja kilitua katikati ya tuta la bamia la Mama. Mama akasubiri wameondoka, akaking'oa, akakitumia kuegemezea mpilipili. Wiki ya pili wakarudi, wakakitoa kwenye mpilipili, wakakipigilia palepale pa mwanzo. Hapana aliyegombana na mwenziwe. Ndivyo serikali ilivyo, ina subira kukushinda.

Kisha ikaja barua, na msomaji wa barua nyumba ile nilikuwa mimi. Baba alikuwa na Kiingereza cha ghalani, cha inua, weka, angalia kichwa. Mama hata hicho alikuwa hana. Nikasoma nimesimama kama ninavyosimama skuli: barabara itapanuliwa, ardhi ya upande wetu wa njia inahitajika kwa manufaa ya umma, wenye nyumba watalipwa thamani ya haki, atakuja mthamini kuangalia. Nilimuuliza Baba umma ni nani. Akasema, "Ni watu wote." Nikamuuliza na sisi tumo? Akaichukua barua, akaikunja.

Kulikuwa na mkutano wa wananchi kwenye ukumbi wa skuli, Baba akavaa shati lake la Idi akenda na mimi. Watu walipiga kelele, mzee mmoja akalia, Bi Loretta akasema maneno marefu mazuri akapigiwa makofi. Waheshimiwa walikaa na ramani zao, wakashukuru kila mtu kwa kuja. Mstari wa ile ramani haukusogea hata unywele mmoja. Tukirudi, Bi Loretta akatueleza kwa Kiingereza cha polepole, nami nikimgeuzia Baba, kwamba kuizuia barabara hatutaweza, kilichobaki ni ile thamani. Ikitoka nzuri utanunua nyumba nyengine. Ikitoka mbaya utapanga. Akasema na methali moja, "Nyumba njema si mlango," akaniangalia kama ninayetakiwa kufahamu zaidi. Baba akatikisa kichwa kwa adabu.

Mthamini alipangiwa Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo, huko chini, mtoto wa rafiki yake Mama alikuwa akitiwa hena kwa harusi ya Jumamosi. Tangu asubuhi wamemleta kafunikwa gubigubi, kapakwa liwa uso mzima, na akina mama watano wamemzunguka vichwa wazi. Mnajua wenyewe, mwari akishawekwa ndani haonwi na jicho la nje, seuze jicho la mwanamme na daftari. Harusi haiahirishwi kwa ajili ya mtu wa serikali. Baba alisema hapana neno, mgeni ataishia juu.

Akaja kijana mrefu, mpole, koti la kahawia, ubao wa kuandikia mkononi. Hana ubaya wowote, namkumbuka vizuri. Baba akafungua mlango kwa mikono miwili. "Karibu bwana, karibu kibandani kwetu. Utuwie radhi, hapana kitu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Sasa kwetu mgeni ana maneno yake hapo. Anatakiwa aseme, "Aa, kibanda kipi? Nyumba mashaallah, Mungu awabarikini." Na mwenyeji anasema alhamdulillahi, roho inatulia, chai inaletwa. Huwezi kuisifu nyumba yako mwenyewe. Ni utovu wa adabu, na isitoshe ni kuliita jicho la watu. Unaishusha wewe, mgeni anaipandisha. Yule kijana masikini hakuyajua maneno yake. Akaandika.

Baba akadhani hajasikika. Walipofika sebuleni akasema, "Paa lenyewe limechoka." Paa alikuwa amelibadilisha mwaka wa jana. Nikatafsiri, kijana akaandika. Jikoni akasema, "Hili ndilo jiko, tunajikongoja tu." Akaandika. Kila alivyonyamaza mgeni, Baba alizidi kuishusha nyumba, huku akimwangalia usoni, akingoja iinuliwe. Nami nilikuwa nimesimama baina yao na Kiingereza changu kizuri, najiona mkubwa. Skuli walikuwa wakinisifu kwa matamshi. Sikuangusha hata neno moja.

Mara kutoka chini kikapanda kicheko cha akina mama. Kijana akanyoosha kalamu kwenye mlango wa ngazi, akauliza huko kuna nini.

Baba akaruka kama kaungua. "Mwambie chini hapana kitu! Pabovu, maji yanaingia, hapaendeki. Wanawake wanafua tu."

Nikamtazama. Nilikijua chumba kile kigae kwa kigae, vyengine nilimpa mwenyewe mkononi. Lakini nilimjua na mwari aliyekaa pale na liwa lake, na nilimjua Baba. Nikasema kama nilivyoambiwa: chini hakuna kitu, ni pabovu, maji yanaingia. Kijana hakulazimisha, si nimewaambia alikuwa mpole. Akakaa kibarazani akaandika karatasi ndefu, nikamsomea Baba: mwenye nyumba anasema paa bovu, mwenye nyumba anasema jiko kuukuu, mwenye nyumba anasema chumba cha chini hakitumiki. Akaulizwa kama ndivyo alivyosema. Angesema nini? Ndivyo. Akatia sahihi, akamshika kijana mkono, akamwambia samahani kwa kibanda. Baada ya hapo Mama alileta sambusa, mgeni ameshaondoka.

Kwa Bi Loretta, huyohuyo kijana alikaa karibu nusu siku. Bi Loretta alimpitisha kila pembe, akamwonesha mpaka vitasa, kila kitu na picha yake na risiti yake, akasifu madirisha kama anauza ng'ombe. Mama aliyaona hayo kupitia dirishani akaja kutuhadithia, mkono mdomoni. "Mtu mzima yule! Anajisifia nyumba yake mwenyewe, hana hata haya!" Tukacheka sana. Mpaka leo nikikumbuka tulivyocheka najisikia vibaya.

Thamani ilipotoka, Baba aliniambia niisome tena. Nikaisoma tena. Akaichukua ile barua akaitazama mwenyewe, huku na huku, kama kwamba nyuma yake pana nyengine. Kwa nyumba kama kile kibanda alichokieleza yeye, haikuwa dhulma. Kwa nyumba yetu ilikuwa si kitu.

Na huku, kama hamjui, barabara haikungoji. Ardhi inachukuliwa kwanza, bei mtabishana baadaye mahakamani mkitaka. Msimu wa baridi ulipokwisha tulihamia Hyattsville, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, lifti mbovu. Siku waliyobomoa tulikwenda kuangalia, sijui kwa nini tulikwenda. Ile mashine ilikwangua ukuta wa mbele, kisha sakafu, na kwa muda mfupi tukaviona vigae vya chini vimewaka jua, vyeupe, safi. Mama akasema, "Astaghfirullah, watu wanaona ukumbi wangu." Kisha wakafukia kwa kifusi.

Mwezi mmoja baadaye Bi Loretta, aliyekwishapata nyumba nzuri yenye bustani palepale Hyattsville, alikuja kwetu na wakili, mama mmoja wa kanisani kwake, wa kusaidia bila malipo. Alipanda ngazi zote zile akihema, akakaa na chai, akaisoma ile karatasi yenye sahihi. Akauliza tuna picha za chumba cha chini? Hatuna, maana hapakuwa mahali pa kupigia picha. Risiti? Mbao na vigae Baba alinunua mabaki kwa watu. Bi Loretta akasema yeye atatoa ushahidi, ameingia mle mara nyingi. Wakili akasema neno la jirani halitavunja sahihi ya mwenye nyumba. Chumba chenyewe kipo chini ya kifusi, hapana wa kwenda kukitazama. Yamebaki maneno.

Wakili akafikiri. Kisha akasema polepole, akinitazama mimi kwanza na baadaye Baba, kwamba ipo njia moja. Mkalimani alikuwa mtoto wa miaka tisa. Baba akiapa kwamba alisema vyengine, kwamba mtoto ndiye aliyekosea kutafsiri, ile karatasi itakosa nguvu, na thamani itafikiriwa upya. Mtoto hatafanywa kitu, hata kuitwa hataitwa. Ni karatasi moja tu.

Na mwenye kumfikishia Baba hayo nilikuwa mimi. Nikasema, "Baba, anasema useme kwamba mimi nilikosea. Ukisema hivyo tutapata nyumba."

Baba alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka kwenye kisahani bila ya kukipiga. "Mwambie ahsante sana. Mwambie hapana."

Mama akashtuka. "Seif!"

"Mtoto alisema niliyoyasema," Baba akasema. "Hilo sitii mkono."

Nikamrukia. Nikaacha Kiswahili, kama nilivyokuwa nikifanya nikikasirika, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi sijali, niache nikosee, nataka chumba changu, nataka kiuga chetu. Wakili alisikia, akainamisha kichwa. Mama akamsihi Baba kwa macho, kisha kwa mdomo, akamtajia ngazi, akamtajia magoti yake, akamtajia ile miaka sita. Baba alikuwa mtu wa kusikiliza, na usiku na mchana akimridhia Mama. Siku hiyo hakuridhia. Bi Loretta alikuwa akitutazama mmoja mmoja akijaribu kuokota maneno. Mwisho akamgusa Baba bega, akasema, "Pole, ndugu," na hapo Kiswahili chake kilitosha kabisa.

Hatukununua nyumba tena. Bei zilipanda, Baba mgongo ukamshinda, ghala likampunguza. Mama ukumbi wake ukawa kitanda chake, wageni wawili wakija wa tatu anasimama. Akina mama wakaanza kukutana kwengine, mwisho wakawa wanasahau kumwita, si kwa ubaya. Barabara ilipanuliwa kweli, ni pana, inapita magari mengi. Na mnajua kilichonikera zaidi? Haikupita juu ya nyumba yetu. Ilipita mbele yake. Palipokuwa na nyumba paliwekwa mtelemko wa majani na mfereji wa maji ya mvua, na miaka baadaye kipande kile kikahamishwa kwa karatasi kutoka idara ya barabara kwenda kwa mji, kwa vile idara ilikuwa haikihitaji. Niliiona hati hiyo nilipokuwa mkubwa nikenda kuitafuta. Mistari mitatu. Sasa ni nyasi za mji, zinakatwa kila baada ya wiki mbili.

Nilimchukia Baba kwa ile hapana yake. Nalisema lilivyo. Nilimwona mkaidi, mtu wa majivuno aliyeipenda heshima yake kuliko sisi. Shikamoo nilikuwa nikimpa, lakini ya mdomoni, na yeye akiitikia marahaba kila siku kwa sauti ileile.

Alifariki miaka michache iliyopita. Mama alipokuwa eda nilikuwa nikenda kulala naye, na siku moja, tunakunja nguo zake za kutoa sadaka, nikasema kwa uchungu kwamba Baba angekubali kusema uongo mmoja tu Mama angekuwa anakaa eda nyumbani kwake. Mama akaiweka chini kanzu aliyokuwa akiikunja. Kisha akaniambia jambo ambalo na yeye alilijua baadaye sana.

Baba alipokuwa na miaka kumi na mbili, kwao, alikuja mtu na karatasi kwa babu, baba yake. Babu alikuwa akisoma Kiarabu, herufi za kizungu hazijui. Aliyezijua nyumbani ni Baba, mtoto wa skuli. Akaambiwa asome, akasoma kama ilivyoandikwa, kwamba uwanja na nyumba vinahitajika, na mwenyewe ameridhia. Babu akaogopa kubisha, akatia dole gumba. Nyumba ikaenda. Na babu, kwa kuona haya mbele ya ndugu zake kwamba aliogopa, akawaambia mtoto alisoma vibaya, yeye hakufahamu anachokitilia dole. Basi ikawa ndiyo hiyo. Ami zake mpaka wanazikwa walikuwa wakimwita Seif aliyesoma. Harusini, msibani, nyumba ikitajwa tu, wote wanageuka kumtazama. Alisoma sawasawa. Alikuwa msomaji mzuri, Mama akasema, kama wewe.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Mama akasema, "Angekwambiaje? Kumtaja baba yake muongo? Alisema afadhali mtoto anione mimi mkaidi, atazoea, kuliko kujiona yeye ndiye aliyetutoa nyumbani."

Niliendelea kukunja. Kulikuwa na shati lake moja jeupe, nikalikunja mara tatu na kila mara halikai sawa.

Maana Mama hajui, na sijamwambia mpaka leo. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, Baba na mimi tulikuwa tunapandisha gunia la mchele kwa ngazi, lifti mbovu kama kawaida. Ghorofa ya pili akalitua, akashika magoti, akawa anatafuta pumzi. Nami nikasimama juu yake nikamwambia, kwa Kiswahili kizuri kabisa ili asikose hata neno: ungesema tu mimi nilikosea, tusingekuwa hapa.

Baba alifuta uso kwa kiganja. "Kweli, mwanangu," akasema. Akainama, akashika upande wake wa gunia, akanisubiri nishike wangu.